Umri Ulioandikwa Juu ya Sanduku

Mwanachuo mmoja, alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, alipeleka darasa la awali sanduku la vipande vya plastiki vya kuunganishia. Ubavuni palikuwa na picha ya uso wa mtoto ndani ya duara jekundu lililokatwa kwa mstari, pamoja na tarakimu 0-3. Tulipomwuliza maana yake, alijibu kuwa mchezo ule ni mgumu kwa wadogo, ila mtoto mwenye akili nyepesi aweza kupewa. Jibu hilo tumelisikia hata kwa walimu wa siku nyingi, nasi twaona halifai kuachwa lipite.

Alama ile yahusu koo la mtoto. Aliye chini ya miaka 3 hupeleka kila kitu kinywani, njia yake ya hewa ni nyembamba, na kikohozi chake ni dhaifu. Ndiyo sababu Marekani, tangu 1980, hupima vitu vya kuchezea vya umri huo kwa mcheduara mdogo wenye upana wa milimita 31.7 na kina cha kati ya milimita 25.4 na 57.1. Kitu, au kipande kilichobanduka, kikiingia chote humo bila kubanwa, hakiruhusiwi kuuzwa kwa ajili ya watoto hao. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo hutumia kipimo cha namna hiyo. Mtoto wa miaka 2 aliyekwisha kujua kusoma angali ana koo la miaka 2.

Upo umri wa namna ya pili, kama vile "miaka 6 na zaidi" juu ya mchezo wenye kanuni nyingi. Huo hukadiria wepesi wa mikono, subira na ufahamu, na hapo mwalimu anayemjua mwanafunzi wake ana haki ya kuamua. Lakini asome onyo kwanza. Sheria ya Marekani ya 1994 yataka maputo yaandikwe kuwa yaweza kuwasonga watoto walio chini ya miaka 8. Basi hata darasa la kwanza na la pili wamo.

Sasa tujitazame wenyewe. Zana nyingi za madarasa yetu hazikutoka kiwandani: ni maharage, gololi, vizibo, kokwa. Mwalimu ndiye mtengenezaji, na hakuna aliyemwandikia onyo. Na nani asiyejua kwamba wanafunzi wetu huja na wadogo zao, wakakaa nao sakafuni penye kopo la kuhesabia? Twajua tutaambiwa kwamba sisi sote tulikulia katika kokwa na gololi. Ni kweli, lakini wasemao hivyo ni wale waliopona.

Tulimshauri mwanachuo yule akunje karatasi ngumu iwe bomba lenye upana wa milimita 32 na urefu wa 57, alisimamishe mezani, kisha ajaribu kila kitu kilichomo katika kopo lake. Juma lililofuata alituonyesha. Maharage yalitumbukia, gololi zikatumbukia. Gunzi la hindi ndilo lililochomoza. Juu ya kopo alikuwa amekwisha kuandika, kwa wino mwekundu, umri wa wasioruhusiwa kuligusa.