Sauti Peke Yake Haifiki: Mwanafunzi wa Kiswahili na Mitambo ya Utangazaji Ukambani

Ni jambo lisilopingika kwamba wanafunzi wengi wanaojiunga na idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya huja na ndoto mbili. Ya kwanza ni ualimu, nayo aghalabu hutokana na uzoefu, kwani mwalimu wa Kiswahili ndiye msomi wa lugha waliyepata kumwona kwa karibu. Ya pili ni utangazaji. Watokao Kitui na Makueni hawajaachwa nyuma katika ndoto hii ya pili. Redio ndiyo iliyowalea. Ndiyo iliyoingia nyumbani na taarifa ya habari, salamu, matangazo ya vifo na utabiri wa mvua kabla ya gazeti kupata barabara ya kupitia. Hata hivyo ndoto yenyewe hukomea kwenye kipaza sauti. Kijana huyo hujiona ameketi studioni akisoma habari kwa lafudhi safi na kutaja jina lake mwishoni. Hajioni kamwe akiwa juu ya mnara na bisibisi mkononi, au nyuma ya kioo akipima sauti ya mwingine. Makala haya yanashikilia kwamba ndoto hiyo imekatwa nusu, na kwamba idara za Kiswahili zimeshiriki kuikata kwa kumfunza mwanafunzi kuwa lugha ni kazi ya ulimi peke yake.

Historia inawasuta wanaofikiri hivyo. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, KIMC, ilianza mwaka 1961, na haikuanza kwa kunoa sauti za watangazaji. Ilianza kwa kuwafundisha mafundi wa mitambo ya utangazaji. Uanahabari na utayarishaji wa vipindi vilikuja baadaye. Nchi ilikuwa ikiukaribia uhuru, na kuna hekima katika utaratibu huo: kwanza apatikane wa kuuwasha mtambo, ndipo atafutwe wa kuzungumza.

Utaratibu huo ulipinduka milango ilipofunguliwa. Capital FM ilipoingia hewani mwaka 1996, ukiritimba wa redio ya serikali ulivunjika. Kameme FM ilipofuata mwaka 2000, ilidhihirika kwamba lugha za jamii nazo zina soko. Haukupita muda mrefu Ukambani ukapata sauti zake. Musyi FM, jina lenye maana ya nyumbani, na Mbaitu FM, yaani watu wetu, zilianza kusikika katika matatu, vibandani na mashambani. Upande wa Mtito Andei, vikundi vya wanawake vilianzisha redio ya kijamii ya Mang'elete, iliyoingia hewani mwaka 2004, na kwa kufanya hivyo vikawatoa wasomi kijasho: akina mama wakulima walimiliki kituo ilhali vyuo vingi vikuu wakati huo havikuwa nacho. Vijana walipoyaona haya, walikimbilia wapi? Kwenye kipaza sauti. Kila kituo kilichofunguliwa kilipata mlolongo wa waliotaka kutangaza. Waliotaka kujua umeme unaingia wapi na mawimbi yanatokea wapi walihesabika.

Na Ukambani ni mahali pabaya mno pa kukosa watu wa namna hiyo. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga usafirivyo. Hayakunji kona wala hayapiti ndani ya mlima. Antena iliyoinuliwa mita 100 juu ya nchi tambarare hufikisha mawimbi yake umbali wa kilomita 40 hivi, kisha mviringo wa dunia huanza kuyakata. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,136,187. Maana yake ni watu wasiofika 40 kwa kila kilomita ya mraba. Makueni, yenye watu 987,653, ni ndogo zaidi na imesongamana zaidi, lakini imejaa milima: Mbooni, Kilungu, Nzaui, hadi Chyulu kule kusini. Kitui nayo ina safu ya Mutitu, na uwanda wa juu wa Yatta umejinyoosha kama ukuta. Kila mlima una kivuli chake, na ndani ya kivuli hicho redio hukoroma tu.

Mtu asiyejua mitambo hudhani dawa ni kuongeza nguvu. Sivyo. Ukiongeza nguvu za transmita maradufu, msikilizaji aliye nyuma ya kilima atapata nafuu ndogo au asipate kabisa. Ukiihamisha antena hadi kilele kinachofaa, au ukaweka mtambo mdogo wa kupokea na kurusha upya upande wa pili, kijiji kizima hufunguka. Huo ni uamuzi wa kitaalamu, na anayeufanya ndiye anayeamua ni nani atakayesikia na ni nani atakayebaki gizani. Wale wenye kuandika tasnifu juu ya lugha na mamlaka wangefanya vyema kuutazama.

Tena si suala la burudani. Katika kaunti hizi mbili mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo kubwa la mkulima. Habari kwamba zitachelewa, au kwamba apande ndengu na mtama badala ya mahindi, ina siku zake. Ikimfikia baada ya mbegu kuwa ardhini, ni sawa na kumpa mgonjwa dawa siku ya arubaini. Katika ukame wa kati ya 2020 na 2022, ambapo sehemu nyingi kame za Kenya zilikosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo, familia zilihitaji kujua chakula cha msaada kitagawiwa wapi na bei ya mifugo imeshuka kiasi gani. Sasa na afikiriwe mtangazaji hodari, mwenye shahada na methali zake zote, ambaye radi imeupiga mnara wa kituo chake jana usiku. Kama nyaya za kuipeleka radi ardhini hazikufungwa sawasawa, transmita imeungua. Kituo kidogo kisicho na fundi wake humsubiri fundi kutoka Nairobi, naye huja akipata nafasi, na akilipwa. Siku zote hizo ufasaha wa mtangazaji unaishia ukutani mwa studio.

Anayedhani hayo huwapata wadogo tu na aukumbuke mwaka 2015. Kenya ilipokuwa ikihama kutoka urushaji wa analogia kwenda ule wa dijitali, mitambo ya analogia ya NTV, KTN, Citizen na QTV ilizimwa tarehe 14 Februari, na vituo hivyo havikurejea hewani hadi tarehe 5 Machi. Siku kumi na tisa! Watangazaji mashuhuri walikuwapo, wahariri walikuwapo, wapenzi wa taarifa za Kiswahili za saa moja jioni walikuwapo. Kilichogombaniwa ni nani atakayeyasafirisha mawimbi, na kwa masharti gani. Idara za lugha ziliyajadili maneno ya mgogoro huo; kiini chake hazikuwa na mtu wa kukieleza.

Je, njia ya kuufikia utaalamu huu ikoje? Hapa ndipo penye uchungu. Kozi za uhandisi wa utangazaji hudai hisabati na fizikia. Chini ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi wa kidato cha tatu ameruhusiwa kuiacha fizikia, na wengi wa wapendao lugha huiacha, wakabaki na biolojia na kemia. Afikapo chuo kikuu hukifunganya Kiswahili na historia, dini au jiografia. Kwa hiyo mlango wa mitambo hujifunga mtu akiwa na umri wa miaka kumi na sita au kumi na saba, kabla hajajua kwamba ulikuwapo. Mtaala wa umilisi, unaoigawa shule ya upili ya juu katika mikondo mitatu, unaweza kuuzidisha utengano huo: huku sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, kule sayansi za jamii, kwingine sanaa na michezo. Utangazaji hauna mkondo. Umekaa juu ya mipaka yote mitatu, na mtoto wa Mwingi au Wote atalazimika kuchagua upande mmoja wa kitu kisichogawanyika.

Lakini si kila kazi ya mitambo inadai shahada ya uhandisi, na hili halisemwi vya kutosha. Stashahada na astashahada za umeme na elektroniki hufundishwa katika vyuo vingi vya ufundi, na Ukambani una vyuo hivyo. Kuna kazi ya kuchanganya sauti, kuhariri vipindi kwa kompyuta, kuelekeza matangazo ya moja kwa moja, kuunganisha studio na mnara, kupeleka matangazo kwenye intaneti. Nyingi kati ya hizi mtu mwenye sikio la lugha huzifanya vizuri kuliko fundi asiyeijua. Mhariri wa sauti asiyekijua Kiswahili atakata pumzi mahali palipo na maana. Atadhani kinyamavu cha mtambaji ni kasoro ya mtambo.

Hapo ndipo Kiswahili chenyewe kinapoingia, na kwa aibu kidogo. Na lichukuliwe neno moja tu, masafa. Asili yake ni umbali. Redio zikalichukua: BBC ilipoanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957 na Sauti ya Ujerumani ilipofuata mwaka 1963, wasikilizaji wa Afrika Mashariki walizipata kupitia masafa mafupi, na humo masafa yakawa urefu wa wimbi. Kisha kituo cha FM kinapotaja namba yake, husema kinapatikana katika masafa fulani, na humo masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Neno moja, mizigo mitatu. Matokeo yake ni kichekesho. Masafa mafupi hufika mbali kupita yote, kwa kuwa mawimbi yake huakisiwa na anga ya juu na kutua bara jingine. Mawimbi ya FM, yenye urefu wa mita tatu hivi, ni mafupi zaidi ya hayo yaitwayo mafupi, lakini hakuna ayaitaye hivyo, na hayavuki Mbooni. Mwalimu atakayejaribu kuyaeleza haya darasani kwa Kiswahili atajikwaa katika sentensi ya pili. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi ya aina hiyo kwa istilahi za utangazaji wa dijitali bado inangoja watu wanaoijua mitambo na lugha kwa pamoja. Watu hao hawatatoka kwa wahandisi peke yao.

Wapo watakaopinga kwamba kazi zenyewe ni chache na malipo yake ni haba. Ni kweli kwa kiasi. Kitui yenye watu waliotawanyika haiwavutii wenye kulipia matangazo kama Nairobi iwavutiavyo, na kituo kidogo hakiwezi kuajiri mtangazaji, fundi na mhariri kila mmoja kwa mshahara wake. Lakini hoja hiyo inamsaidia nani? Kituo kinachoweza kumlipa mtu mmoja tu kitamchukua anayeweza kufanya mawili. Aidha, ujuzi huu haufungwi redioni. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, mabunge ya kaunti za Kitui na Makueni yanahitaji kumbukumbu rasmi za mijadala yake. Mijadala hiyo huchanganya Kiingereza na Kiswahili, hurekodiwa, kisha huandikwa neno kwa neno. Anayehitajika hapo ni mtu ajuaye sarufi na ajuaye pia kwa nini kinasa sauti cha safu ya nyuma kinavuma. Makanisa yana mitambo ya sauti, harusi zina yake, na studio ndogo za kurekodi muziki wa Kikamba zinawataka wahandisi wa sauti. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotajwa katika vikao vya ushauri wa kazi ambavyo idara za Kiswahili huwaandalia wanafunzi wao.

Kinachowezekana mara moja si kikubwa. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya kipo Kwa Vonza, katikati ya nchi inayozungumziwa. Vyuo vya ufundi haviko mbali. Mji wa teknolojia wa Konza unajengwa mpakani mwa Makueni. Idara ya Kiswahili katika chuo chochote inaweza kukubaliana na chuo cha ufundi ili wanafunzi wa mwaka wa tatu wasome muhula mmoja wa misingi ya sauti na urushaji, nao wanafunzi wa elektroniki wasome uandishi wa Kiswahili. Kipimo kiwe cha vitendo: kila kundi liandae kipindi cha nusu saa, likirekodi, likihariri, kisha lieleze kwa Kiswahili, mbele ya watu, kila kifaa kilichotumika na kazi yake. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuyakusanya maelezo hayo mwaka hadi mwaka. Miaka mitano ya kazi hiyo ingekuwa orodha nzuri ya istilahi zilizojaribiwa midomoni mwa watumiaji kabla ya kupelekwa kamusini. Ugumu utakaozuka ni wa nani atakayesahihisha mtihani wenyewe, mhadhiri wa isimu au fundi wa mitambo. Idara nyingi zitampendelea wa kwanza. Ni afadhali wakae meza moja, na fundi aanze kuuliza maswali.