Haibridi Inanunua Petroli Kama Gari Lolote, Kwa Nini Itozwe Zaidi?



Mmoja wetu ana baba mdogo anayeishi Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, Marekani. Ni Mkongomani, na alikaa miaka mingi kambini Nyarugusu kabla ya kupelekwa huko. Anabeba abiria kwa gari la haibridi alilolinunua likiwa limeshatumika, kwa sababu halili mafuta mengi. Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia alikwenda kulipia usajili wa gari, kama sheria ya kule inavyotaka kila mwaka, akakuta kwenye risiti dola 100 za ziada. Akampigia simu mtoto wa ndugu yake akamuuliza, "Mwanangu, wewe umesoma, nimekosa nini?"

Hakukosa kitu. Dola 100 hizo zimo katika sheria. Bunge la Ohio liliipitisha mwaka 2019, na tangu tarehe 1 Januari 2020 mwenye gari la umeme hulipa dola 200 zaidi kwa mwaka, na mwenye haibridi ya kawaida dola 100. Wapo watakaotuambia ya Ohio hayatuhusu. Basi nao watuambie karo ya watoto wangapi wa hapa kwetu hutoka kwenye magari kama hilo.

Tuseme kwanza hoja ya serikali ya kule, maana si vizuri kumgombeza mtu bila kumsikiliza. Barabara za Ohio hutengenezwa kwa sehemu kubwa na kodi ya mafuta. Kodi hiyo ilipandishwa Julai 2019 ikawa senti 38.5 kwa kila galoni ya petroli. Gari la umeme halinunui petroli, kwa hiyo linapita barabarani bila kuchangia kitu katika kodi hiyo. Hapo hatuna ubishi, naye alipe.

Lakini haibridi ya baba mdogo haichomekwi kwenye umeme. Betri yake inajazwa na injini yenyewe na breki zinapokamatwa. Kila maili inayokwenda chanzo chake ni petroli iliyonunuliwa kwenye kituo, na kodi imeshakatwa hapo hapo. Kinachotofautisha ni kwamba inanunua kidogo.

Sasa tupige hesabu, na wanafunzi wetu waihakikishe. Gari linalokwenda maili 50 kwa galoni, likitembea maili 12,000 kwa mwaka, linatumia galoni 240. Kodi yake ni dola 92.40. Gari la petroli tupu linalokwenda maili 25 kwa galoni, kwa safari ile ile, linatumia galoni 480, kodi dola 184.80. Tofauti yao ni dola 92.40. Ongeza sasa ile ada ya dola 100: haibridi inalipa dola 192.40, yaani inampita yule anayechoma mafuta mara mbili yake! Kama nia ilikuwa kuziba pengo, pengo limezibwa na mtu akadaiwa chenji juu yake.

Na huyo ni mtu anayetembea sana. Mchukue mama mzee anayekwenda msikitini, sokoni na kwa wajukuu, maili 5,000 kwa mwaka. Kodi yake ya mafuta ni dola 38.50, na kwa ada inafika dola 138.50. Jirani yake mwenye lile gari la maili 25 analipa dola 77 tu. Yule asiyeichosha barabara ndiye anayelipa zaidi. Halafu kuna pikapu kubwa za haibridi ambazo hazifiki hata maili 30 kwa galoni. Nazo ada yao ni dola 100 ile ile, wakati gari dogo la petroli tupu linalobana mafuta haliulizwi kitu. Sisi tunaona hapo kilichotozwa ni jina la haibridi, si mafuta yaliyookolewa.

Jimbo la Virginia lilipita njia hii hii. Mwaka 2013 liliweka ada ya dola 64 kwa haibridi, wananchi wakalalamika na kutia saini, ada ikafutwa kuanzia Julai 2014. Mwaka 2020 Virginia ilirudi na ada nyingine, lakini safari hii inahesabiwa kwa kutazama kila gari linatumia mafuta kiasi gani, na tangu 2022 mwenye gari anaweza kuchagua kulipa kwa maili alizotembea. Hiyo tungeikubali. Mzee wa maili 5,000 angelipa ya maili 5,000.

Ama kuhusu la kufanya, tulimwambia baba mdogo alipe kwanza. Kuendesha gari lisilosajiliwa kunaleta polisi na mahakama, na mgeni hahitaji mambo hayo. Baada ya kulipa, amwandikie mjumbe wake wa Baraza la Wawakilishi na seneta wake katika bunge la jimbo. Si lazima mtu awe raia ndipo aandike barua; anakaa katika eneo lao, analipa kodi, inatosha. Aweke risiti na hesabu ya maili zake. Bajeti ya uchukuzi ya Ohio hupitishwa kila miaka miwili, katika miaka ya witiri, na maoni ya watu husikilizwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Ada hii iliingia kupitia bajeti ya 2019, na kwa njia hiyo hiyo inaweza kurekebishwa.

Baba mdogo anasema Kiingereza chake cha kuandika hakitoshi. Binti yake yuko sekondari na anaandika vizuri, naye ameshaanza barua. Ametuomba tumtumie hesabu iliyo hapo juu, na tumeshaituma.