Spika ya kinanda: usiangalie bei ya sanduku pekee

KUNA swali moja ambalo huwatatiza wazazi wengi wanaofika katika maduka ya Luthuli Avenue, jijini Nairobi. Wamejinyima wakamnunulia mtoto kinanda, na sasa kijana amealikwa kupiga arusini. Ile sauti iliyojaza sebule haifiki hata safu ya tatu ya viti. Wanataka spika. Muuzaji naye anawauliza: aktivu au pasivu?

Wengi hapo hutazama bei tu. Sanduku kwa sanduku, pasivu aghalabu ndiyo ya bei nafuu. Lakini wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi, na pesa zinazochezewa hapa zingeweza kuwa karo ya muhula mzima.

Tofauti ni hii. Sauti inayotoka kwenye kinanda kupitia waya ni dhaifu mno, haiwezi kuisukuma spika. Ni sharti ipitie amplifaya kwanza. Spika aktivu ina amplifaya yake tumboni: unaichomeka kwenye stima, unaunganisha waya wa kinanda, kazi imekwisha. Pasivu haichomekwi kwenye stima, lakini haitoi hata mlio bila amplifaya ya kando. Kwa hivyo, msomaji, bei ya pasivu si ile uliyobandikiwa kwenye sanduku. Jumlisha amplifaya na waya mnene wa spika, kisha ndipo ulinganishe.

Isitoshe, amplifaya na spika pasivu lazima zipatane. Spika mbili za ohmu 8 zikiunganishwa sambamba, kwa amplifaya huwa mzigo wa ohmu 4. Ikiwa haikuundiwa mzigo huo, itapata joto na huenda ikaungua. Kwa aktivu, mapatano hayo yalifanywa kiwandani.

Je, pasivu haina faida? La hasha! Kanisa au shule iliyotundika spika zake ukutani haitahitaji soketi ya stima karibu na kila spika. Amplifaya ikiharibika Jumapili asubuhi, mnaazima nyingine na ibada inaendelea. Amplifaya ya aktivu ikifa, sanduku zima hunyamaza, nalo hupelekwa kwa fundi zima zima.

Ama kwa kijana anayepiga kinanda peke yake, anayesafiri kwa matatu na asiye na fundi wa kumsaidia, ushauri wangu ni spika moja nzuri ya aktivu. Vyombo ni vichache, waya ni chache, na makosa ya kuunganisha hupungua. Kikundi chenye vyombo vingi, mahali pa kudumu na mtu anayeielewa mitambo, kinaweza kufaidika na pasivu.

Wa gita atahadhari kidogo. Gita la stima likichomekwa moja kwa moja kwenye spika ya ukumbi, mara nyingi hulia kwa ukali na bila utamu. Hilo hutaka amplifaya iliyoundiwa gita. Kinanda hakina shida hiyo.

Tena, usibabaishwe na wati. Ukiongeza wati maradufu, unapata desibeli 3 tu zaidi, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa kiasi. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, huhitajika wati karibu mara kumi. Na ile namba kubwa iliyoandikwa mbele ya sanduku huenda ni ya kilele, nguvu ya kufumba na kufumbua. Uliza wati za mfululizo, ambazo huandikwa RMS.

Kuna makosa mawili yanayoweza kukutia hasara siku ya kwanza. Usichukue waya unaotoka kwenye amplifaya ukauchomeka kwenye tundu la kuingizia sauti la spika aktivu. Waweza kuiunguza papo hapo. Pia usitumie waya wa gita kati ya amplifaya na spika pasivu. Plagi zaweza kufanana, lakini waya wa gita ni mwembamba, na nguvu ya amplifaya huutia joto.

Kabla ya kulipa, nenda na kinanda chenyewe dukani. Kijana apige wimbo anaoujua, kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya ukumbini. Simameni mbali, msikilize kama noti za chini zinavuma vizuri au zinakoroma. Mwisho, mwambie alibebe sanduku hadi mlangoni na kurudi. Akirudi akihema, mwombeni muuzaji awaonyeshe jingine lililo jepesi.