Kofia Ngumu na Mpanda Baiskeli wa Kwihara

Kila asubuhi barabara itokayo Kwihara kwenda Tabora mjini huwa na baiskeli. Yupo mkulima mwenye gunia la mkaa kwenye karia, na yupo mwanafunzi aliyempakia mdogo wake. Katika eneo hilo la njia ya misafara, ambako Stanley na Livingstone walifika mwaka 1872, mizigo ilikwenda mabegani mwa wapagazi. Leo mpagazi ni baiskeli.

Wapo watu wenye nia njema wanaotaka kila mpanda baiskeli ashurutishwe kuvaa kofia ngumu kama mwendesha pikipiki. Rai hiyo hapana budi ipimwe kwa haki.

Kwamba kofia hiyo inafaa, ushahidi upo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, ukiziweka pamoja tafiti 40 zilizohusu wapanda baiskeli zaidi ya 64,000 waliojeruhiwa, ulionyesha kwamba uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa pungufu kwa karibu theluthi mbili kwa waliovaa. Ubongo haushonwi kama goti.

Lakini yafaa ieleweke kofia hiyo imetengenezewa nini. Katika kipimo cha Ulaya huangushwa juu ya chuma kutoka kimo cha mita moja na nusu, yaani kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa. Huko ni kuanguka kwa mtu aliyeteleza mchangani. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, kikomo cha sheria penye makazi, ni jambo jingine: kwa uzito uleule, mwendo huo una nguvu zaidi ya mara sita. Na ni madereva wangapi wanaokiheshimu kikomo hicho?

Jimbo la Victoria, Australia, lilishurutisha kofia mwaka 1990. Majeraha ya kichwa yalipungua, ila na wapanda baiskeli walipungua, hasa vijana. Nchini Uholanzi wengi hawavai, lakini wametengewa njia zao mbali na magari. Kijana wa Victoria aliyeiacha baiskeli alikuwa na gari la baba yake. Wa Kwihara atatembea kwa miguu, au ataacha shule.

Kumtoza faini mkulima huyo ni kumwadhibu anayegongwa. Sheria na imbane kwanza dereva akimbiaye mbele ya shule, na bodaboda apakiaye abiria mwenye kichwa wazi. Barabara zinapojengwa, baiskeli zitengewe nafasi kando. Mtumishi mwenye mshahara apandaye baiskeli avae kofia bila kungoja kushurutishwa, watoto wamwone.

Mwalimu naye ana kazi mbili zisizohitaji fedha nyingi. Akague breki na taa za baiskeli za wanafunzi. Tena asikubali mtoto aliyeanguka na kugonga kichwa, kisha akatapika au kusinzia, apelekwe nyumbani kulala. Damu huweza kuvujia ndani ya fuvu saa kadhaa baada ya ajali, na mtoto huyo ni wa kufikishwa hospitali mara moja.