Astrud Gilberto: sauti ilizunguka dunia, mapato hayakumfikia

Wimbo «The Girl from Ipanema» unapigwa mpaka leo katika redio, hoteli na filamu. Wachache ndio wanajua namna mwanamke aliyeuimba alivyolipwa.

Astrud Gilberto alizaliwa Salvador, inchini Brazili, tarehe 29 Machi 1940, akakulia Rio de Janeiro. Machi 1963 alikuwa New York na mume wake João Gilberto, mmoja wa waanzilishi wa bossa nova, aliyekuwa akirekodi albamu na Stan Getz, mpiga saksofoni wa Marekani. Ilihitajika sauti ya Kiingereza. Astrud, mwenye miaka 22, aliijua lugha hiyo. Akaimba.

Katika toleo fupi la wimbo, lililotoka 1964, sehemu ya mume wake ilikatwa, ikabaki sauti ya Astrud. Mwaka 1965 wimbo ukapewa Grammy ya rekodi ya mwaka. Lakini jina lake halikuwa kwenye jalada la albamu, na inaelezwa kwamba alipewa dola 120 tu, malipo ya kawaida ya kazi ya studio.

Kuna watakaosema hakuwa bado na jina, tena aliimba dakika chache tu. Hoja hiyo haisimami. Feza ya siku inalipa jasho la siku. Hailipi miaka 60 ya wimbo kuuzwa kwa sababu ya sauti yako.

Astrud hakukata tamaa. Alitoa albamu zake mwenyewe, akatunga, akaimba kwa lugha nyingi, mpaka albamu ya mwisho mwaka 2002. Alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 83.

Huku kwetu, Goma ao Bukavu, ni kijana gani hajaitwa studio kuimba kiitikio cha rafiki kwa masikilizano ya mdomo tu? Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda watunzi, na pia waimbaji na wapiga vyombo. Serikali na SOCODA wana deni la kuitumikisha. Lakini wasanii nao wasingojee. Mbele ya kushika maikrofoni, muandike karatasi: jina litatokea wapi, kila mtu atapata sehemu gani, nani ametia sahihi. Urafiki wa kweli hauogopi karatasi.