Masalio Tunayoyapeleka Makumira

Wapendwa, tuseme wazi jambo ambalo huwa tunalizungumza nje ya kanisa baada ya ibada. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mtoto mwenye alama nzuri tunamwambia asome sheria, udaktari au uhasibu. Yule ambaye alama zake zimetuaibisha tunamtazama, tunakuna kichwa, kisha mmoja wetu anasema: "Huyu si aende tu theolojia, awe mchungaji?" Na tunacheka.

Chuo tunachokifanyia mzaha huo kina historia. Mafunzo ya theolojia yalianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, yakahamia Makumira, chini ya Mlima Meru, mwaka 1954. Wakati huo KKKT ilikuwa haijazaliwa. Makanisa saba yaliungana mwaka 1963. Yaani wazee wetu walikuwa na chuo kimoja cha wachungaji kabla hawajawa kanisa moja. Hawakuona kwamba kazi ya mimbari inaweza kungoja.

Leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, na pamoja na theolojia kuna sheria, ualimu na muziki. Wapo wanaonung'unika kwamba masomo hayo mengine yamekiharibu chuo. Hatukubaliani nao. Kanisa linahitaji wakili anayeijua amri ya nane! Kosa ni letu sisi tulioigeuza orodha ya masomo kuwa ngazi, theolojia tukaiweka chini kabisa, na muziki kando yake.

Sisi hawa hawa ambao Jumapili hatutosheki na kwaya tatu, tunaochanga kununua kinanda na spika, binti akisema anataka kusomea muziki tunamwuliza atakula nini. Kisha tunalalamika kwamba mwalimu wa kwaya hajui kusoma nota.

Nabii Malaki aliwauliza makuhani kama wangethubutu kumpelekea liwali mnyama kilema. Swali hilo sasa ni letu. Sikukuu ya mavuno tunamnadi jogoo mmoja mara tano, na kadi ya mchango wa kumuaga binti hairudi tupu. Lakini usharika wetu ulimchangia mwanafunzi wa theolojia muhula wa kwanza, wa pili tukamsahau. Aliandika barua. Ikasomwa kwenye matangazo, kati ya kikao cha akina mama na bei ya sare za kwaya, tukasema "amina", tukaenda kula. Mtu huyo akija kuwa mchungaji wetu, tutathubutu kusema mahubiri yake ni mepesi?

Tunaliomba baraza la wazee liweke fungu la ada ya theolojia na muziki katika bajeti ya mwakani, na lisomwe kabla ya fungu la kukarabati maegesho. Nanyi wazazi wenye vijana wa alama za juu, waulizeni angalau mara moja. Wengine wanatamani kwenda, ila wanaogopa kutuambia.