Depo ifunguliwe na simu, lakini ufunguo ubaki kwa wanachama



Katika mkutano wetu wa mwisho tuliletewa wazo ambalo liligawanya watu. Depo tunayotaka kujenga haitakuwa chumba kimoja kikubwa ambamo magunia yote yanachanganyika. Itagawanywa vyumba vidogo, kila kikundi na chumba chake, na kila mulango utakuwa na kufuli ya batri inayofunguliwa na simu. Mtu anafika, anafungua programu kwenye simu yake ama anabonyeza namba ya siri kwenye kufuli, mulango unafunguka. Programu inaandika jina lake, siku na saa. Anayeingiza gunia anaandika kilo, anayetosha pia anaandika kilo. Vijana walipiga makofi. Wazee wakauliza: “Na simu ikizimika, tutakula nini?”

Sisi tunaoandika hapa tuko kikundi cha mahindi na maharagi, kwenye milima ya Kivu Kusini. Tumelifikiri sana jambo hili, na maoni yetu ni haya: tukubali simu, lakini tusikubali simu peke yake.

Kwa nini tunaitaka

Mavuno ya msimu A tunayaingiza Januari na Februari, ya msimu B Juni na Julai. Siku hizo kila nyumba inauza, juu ya minervali ya watoto, juu ya madeni, juu ya ugonjwa. Bei inaanguka. Kufika Septemba, wakati wa kupanda, tunarudi sokoni kununua mbegu ya maharagi yale yale tuliyouza, na bei imekwisha kupanda. Anayepata faida ni yule aliyekuwa na fasi ya kuyaweka. Depo njo fasi hiyo.

Lakini depo nyingi hazifi kwa kukosa mabati, zinakufa kwa kukosa imani. Kwetu, msimu moja, tuliweka magunia katika chumba cha kukodi. Ufunguo ulikuwa moja, kwa mtu moja. Kitabu cha stoki kilikuwa kimoja, katika mfuko wa mtu yule yule. Siku ya kuuza, magunia matatu hayakuonekana. Huyu akasema ni panya, yule akasema maharagi yamekauka na kilo zimepungua, mwingine akataja jina la jirani. Mpaka leo hatujui ukweli. Tunachojua ni kwamba jamaa mbili haziamkiani tena, na msimu uliofuata watu walirudisha magunia chini ya kitanda. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nayo, lakini daftari inayosomwa na mtu moja ni sawa na kukosa daftari.

Hapo simu inasaidia. Katika miji ya Marekani na Ulaya, watu wanakodi vyumba vidogo vya kuweka vyombo vyao, na siku hizi wengi wanafungua mulango na simu, wanalipa kodi ya mwezi kwa simu, na wanaweza kuona saa ambayo mulango ulifunguliwa. Kwetu si viti na vitanda, ni chakula na mbegu. Lakini swali ni lile lile: nani aligusa mali yangu nikiwa mbali? Mama aliye kwenye soko la Kadutu, akizungumza bei na mnunuzi, ataweza kuangalia kilo zake zilizobaki mbele ya kutoa neno. Kodi ya chumba inaweza kupita kwa M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money, njia ambazo wengi wetu tumezizoea, na alama ya malipo inabaki.

Simu ya nani?

Katika mkutano ule, mama moja wa kikundi chetu alisimama akasema: “Mimi sina simu, niko na mikono tu. Hiyo kufuli itanijua namna gani?” Hakuna aliyemjibu. Swali lake njo limetufanya tuandike.

Nyumba nyingi ziko na simu moja, na simu hiyo inalala katika mfuko wa baba. Lakini maharagi nani aliyapanda, akayapalilia, akayaanika, akayapiga? Mara nyingi ni mama. Tukiandikisha chumba kwa namba ya simu tu, tutakuwa tumeandika mavuno ya mama kwa jina la bwana. Siku atakapotaka kutosha kidogo kwa chakula ama kwa deni la MUSO, itabidi aombe. Sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 iliondoa ile ruhusa ya bwana ambayo mke alipaswa kuwa nayo mbele ya kutenda mambo ya kisheria. Haifai programu ya simu irudishe ruhusa hiyo kimya kimya.

Rezo ikikatika

Tusisahau uchaguzi wa Disemba 2018. Kuanzia tarehe 31 ya mwezi ule, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu siku 20. Ilikuwa Januari, wakati mavuno ya msimu A yanaingia. Kufuli inayongoja intaneti ili ifunguke ingetuacha nje ya chakula chetu wenyewe. Lakini ziko kufuli za namba za kubonyeza, na ziko zile zinazozungumza na simu kwa karibu kwa njia ya blutufu. Hizo zinaweza kufunguka bila rezo. Muuzaji atakapokuja, tumwambie azime intaneti mbele yetu, kisha afungue mulango. Akishindwa, arudi na kufuli yake.

Na kuna jambo ambalo tunalisema kwa sauti ya chini. Simu inayoonyesha magunia ya kikundi kizima ni hatari ikinyanganywa njiani. Anayeishika atajua nani ana nini na kiko wapi. Kila mtu aone mali yake tu, na programu ifungwe na namba ya siri.

Simu haisikii harufu

Programu itatuambia kilo 400 ziko ndani. Haitatuambia kwamba mahindi yameingia yakiwa mabichi na sasa yameota ukungu, ama kwamba fukusi wameanza kula. Kazi ile inabaki yetu. Mbele ya kuingiza, tufanye jaribio la chumvi: tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, acha kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha mahindi kwenye jua. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse ukuta wala udongo. Na kila juma mtu aingie, aangalie, anuse. Mulango unaofunguliwa kwa urahisi usitufanye tusahau kuingia.

Masharti yetu

Tunaomba komite iweke haya kwenye karatasi mbele ya kutia sahihi yoyote:

1. Kila mwanachama, mama ama baba, apewe namba yake ya siri ya kubonyeza kwenye mulango, hata kama hana simu. Mwenye simu ya kawaida apate mesaji kila mara gunia lake linapoguswa.

2. Kitabu cha karatasi kiendelee. Kila mwisho wa mwezi kisomwe kwa sauti mbele ya wote, pamoja na yale yaliyo katika simu. Vikipingana, tunaingia na kuhesabu magunia.

3. Akaunti ya programu na laini ya simu yake viandikwe kwa jina la ushirika, si kwa jina la msimamizi wa depo. Msimamizi akibadilishwa, namba za siri zibadilishwe siku ile ile.

4. Ufunguo wa chuma uwepo kwa siku ambayo batri imekufa. Ukae katika sanduku lenye kufuli mbili, na funguo za sanduku zishikwe na watu wawili wa vikundi tofauti, moja wao mama.

5. Tuambiwe sasa nani atalipa programu na batri wakati mradi utakapokwisha. Kama ni sisi, gharama igawanywe kwa gunia, si kwa mtu, ili mwenye gunia moja asilipe kama mwenye magunia 20.

6. Tuanze na vyumba vichache, msimu moja, kisha tukae na kupima.

Kuna wenzetu watakaosema tunachelewesha maendeleo, kwamba wafadhili watachoka na kwenda kwingine. Tunawaelewa. Sisi pia tunataka depo. Lakini magunia matatu yaliyopotea kwetu hayakupotea kwa kukosa simu. Yalipotea kwa sababu mtu moja tu ndiye aliyeweza kuona. Tukiweka kufuli ya kisasa, na mtu yule yule moja akabaki mwenye kuona, tutakuwa tumebadilisha mulango tu.

Sheria ya OHADA juu ya vyama vya ushirika, ambayo nchi yetu inaifuata, inatupa kila moja wetu sauti moja, mwenye shamba kubwa na mwenye shamba dogo. Basi mkutano ujao, mje wote, wamama msibaki nyumbani. Muulize bei, muulize batri, muulize namba ya siri. Na yule mama aliyeuliza swali lake ajibiwe wa kwanza, mbele ya kupiga kura.